Damu Yako Mwenyewe Kama Tiba: PRP, PRF na Eksosomu

Mtu mwenye upara unaonyemelea utosini, au makovu ya chunusi mashavuni, akiingia kliniki ya urembo Nairobi au Dar es Salaam siku hizi, huenda akaelezwa kwamba tiba yake iko ndani ya mishipa yake mwenyewe. Atatolewa damu kidogo, izungushwe kwenye mashine, kisha adungwe pale penye shida. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini tiba zinazonadiwa kwa lugha hiyo haziko sawa, na mteja anastahili kujua tofauti kabla hajafungua pochi.

PRP ndiyo kongwe. Plazma yenye chembe sahani nyingi ilianza kutumiwa na madaktari wa damu miaka ya 1970, kwa wagonjwa waliopungukiwa na chembe hizo. Mwaka 1998 Robert Marx wa Marekani, mpasuaji wa kinywa na taya, alichapisha na wenzake kazi iliyoonyesha kwamba inasaidia mfupa uliopandikizwa. Ngozi na nywele zilifuata baadaye. Damu hutiwa kwenye mrija wenye dawa ya kuizuia isigande. Ikizungushwa, chembe nyekundu hushuka na plazma ya manjano hubaki juu. Chembe sahani tunazijua kwa kuziba jeraha, ila pia hubeba protini zinazochochea seli kuzaliana na mishipa midogo kuchipua. Damu ya mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita, na PRP inayofaa huwa nazo mara kadhaa zaidi. Tatizo ni kwamba kila mashine hutoa kiwango chake. Watu wawili wanaweza kusema wamefanyiwa PRP, kumbe hawakupata dawa moja.

PRF, yaani faibrini yenye chembe sahani nyingi, ilitoka Ufaransa mwaka 2001, kwa mikono ya daktari Joseph Choukroun. Yeye aliiondoa ile dawa ya kuzuia kuganda. Damu huzungushwa mara tu inapotolewa, ikajigandia yenyewe na kufanya utando wa faibrini unaozinasa chembe sahani. Utando huo huachilia protini polepole, kwa wiki moja au zaidi, wakati PRP humwaga sehemu kubwa ya zake mapema. Ipo pia PRF ya majimaji, ambayo lazima idungwe haraka kabla haijaganda. Kwa ngozi iliyobonyea chini ya macho, ningeipa PRF nafasi ya kwanza.

Kwa nywele, ushahidi mwingi uko upande wa PRP. Katika upara wa kurithi, majaribio kadhaa yameonyesha nywele kuongezeka, kwa kawaida baada ya vipindi vitatu vya mwezi mmoja mmoja, kisha marudio ya kuzilinda. Hata hivyo, minoksidili ya kupaka iliidhinishwa Marekani mwaka 1988 na finasteridi kwa wanaume mwaka 1997, nazo zimepimwa kwa muda mrefu zaidi. Kliniki isiyozitaja kabisa inamnyima mteja haki yake.

Na hapa ndipo dada zetu wanapopoteza fedha nyingi. Nywele za pembeni zilizong'olewa na misuko ya kubana kwa miaka zinaweza kurudi mzizi ukiwa hai. Ngozi ikishakuwa nyororo, inang'aa, na vitundu vya nywele vimezibwa na kovu, hakuna damu itakayozirudisha. Mbolea haioteshi mbegu iliyokufa. Upo pia ugonjwa unaoanzia utosini na kuacha kovu, unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika. Huo hutulizwa uvimbe wake kwanza. Anayeweza kuutambua ni daktari wa ngozi, kama wanaofundishwa kwenye kituo cha kikanda cha magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi.

Eksosomu ndizo mpya na mara nyingi ghali. Ni vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, na zinazouzwa kwa kawaida hazitoki katika damu yako, bali katika seli za mtu mwingine zilizokuzwa maabara. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wagonjwa jimboni Nebraska kudhurika, na haijaidhinisha bidhaa yoyote ya aina hiyo. Usikubali kudungwa.

Hata damu yako yaweza kuwa hatari mikononi mwa mzembe. Huko Albuquerque, Marekani, saluni moja iliyofanya PRP usoni ilifungwa mwaka 2018. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina ndani ya friji yenye chakula, na dalili za kurudia vifaa vya kutumika mara moja. Ripoti ya mwaka 2024 ilihusisha huduma hiyo na maambukizi ya VVU kwa wateja.

Kwa hiyo, msomaji, taka kuona jina lako likiandikwa kwenye mrija na sindano ikifunguliwa mbele yako. Sema mapema kama makovu yako huvimba, kama una selimundu, au unatumia dawa za kuyeyusha damu. Anayekudunga asipoweza kukuonyesha leseni yake ya udaktari, ondoka.