Makro ya Daftari la Chama Ikikataa Kuamka

Siku hizi vikundi kadhaa huku Eastlands, kuanzia Kayole hadi Buruburu, vinaweka hesabu za michango katika Excel badala ya daftari la karatasi. Mweka hazina akiandika mchango, tarehe inajijaza yenyewe, na aliyechelewa anahesabiwa faini papo hapo. Kazi hiyo hufanywa na makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya faili, yanayongoja tukio fulani: kuandikwa kwa mchango, kwa mfano, au kufunguliwa kwa faili.

Shida ni kwamba makro ikikataa kuamka haipigi kelele. Mchango unaingia bila tarehe, hakuna anayegundua mpaka mwisho wa mwezi, na mama aliyelipa mapema anaambiwa alichelewa. Hapo ugomvi umeingia kikundini. Kwa hivyo, ndugu zetu, kabla hamjamshuku mtu, kagueni faili.

Anzeni na jina lake. Likiishia .xlsx, makro hazimo tena, Excel imezitupa wakati wa kuhifadhi. Inatakiwa .xlsm. Na mkifungua kwa simu msingoje kitu: Excel ya simu haiendeshi makro hizi.

Kama faili ilitoka kwenye intaneti au barua pepe, kuna jambo jingine. Tangu 2022 Microsoft inazuia makro za faili za namna hiyo, kwa sababu wezi walizitumia kupitisha virusi. Fungeni faili, ibonyezeni kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingieni Properties, tieni alama penye Unblock. Ila iwe ni faili ya mtu mnayemjua, tena mwulizeni kwanza kama ni yeye aliyeituma.

Sasa tuje kwa ile inayosumbua zaidi, maana jana ilifanya kazi na leo haifanyi. Makro ya tarehe, kabla ya kuandika, huzima matukio kwa muda, isije ikajiamsha yenyewe bila mwisho. Ikimaliza inayawasha. Lakini ikikwama katikati, tuseme mtu ameandika “mia tano” kwa maneno mahali pa tarakimu, haifiki pale pa kuwasha. Tangu hapo makro zote za matukio zinalala, hata za faili nyingine zilizo wazi. Fungeni Excel yote, muifungue upya. Au bonyezeni Alt na F11, kisha Ctrl na G, muandike Application.EnableEvents = True na kugonga Enter. Hiyo ni dawa ya leo tu. Kijana aliyewaandikia makro aongeze mstari wa On Error GoTo, unaopeleka kazi pale pa kuwasha hata kosa likitokea. Msimmalizie malipo kabla hajafanya hivyo!

Ikiwa haijawahi kuamka hata siku moja, huenda imewekwa pasipo pake. Worksheet_Change hukaa katika ukurasa wa maagizo wa shiti yenyewe, sio kwenye Module1. Tena haiamshwi na jumla inayobadilika kwa fomula. Hapo inatakiwa Worksheet_Calculate.

Mkishatengeneza, andikeni mchango wa kujaribu, muone tarehe, halafu muufute. Mistari iliyobaki bila tarehe ijazwe kwa kufuata ujumbe wa M-Pesa wa kila mwanachama, katibu akiwepo, na faini zilizokatwa kimakosa zirudishwe katika mkutano unaofuata.