Kunawa Kusikokwisha

Wewe ukaaye Uvira, au Makobola, au Baraka, umefundishwa mara nyingi kunawa mikono. Mafundisho hayo ni ya kweli. Tangu miaka ya 1970 kipindupindu kimekaa kando ya ziwa letu, na Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukabomoa nyumba, kila mtu aliogopa maji machafu. Nawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Ukiisha kunawa, mikono ni safi.

Lakini yuko mtu asiyeweza kusadiki hivyo. Tuseme ni mama. Amenawa, naye aona kwa macho yake kwamba mikono haina uchafu, lakini wazo lamwambia, “Bado. Utamwua mtoto wako.” Anawa tena, mara kumi, mara ishirini, hata ngozi yapasuka na kutoa damu. Maji yaliyochotwa alfajiri yamekwisha kabla ya saa nne. Mwisho hathubutu kumpakata mtoto. Mume amkasirikia kwa ajili ya sabuni, na jirani wasema amerogwa.

Hakurogwa. Ni mgonjwa. Ugonjwa wake una sehemu mbili: wazo la kutisha lijalo bila kuitwa, na tendo analolirudia ili hofu itulie. Hutulia kidogo, kisha hurudi na nguvu zaidi. Yakadiriwa kwamba mtu 1 mpaka 3 katika kila 100 hupata ugonjwa huu maishani mwake.

Wala si kunawa tu. Mwingine huamka usiku mara nyingi kutazama kama mlango umefungwa. Mwingine akiomba, neno la kumtukana Mungu laingia moyoni, naye huanza sala upya, tena na tena, akidhani ametenda dhambi isiyosamehewa. John Bunyan, yule aliyeandika habari za Msafiri mwaka 1678, alieleza katika kitabu kingine cha 1666 jinsi wazo la kumwuza Kristo lilivyomfuata mchana na usiku. Alilichukia wazo hilo kwa moyo wote. Ndivyo walivyo wagonjwa hawa.

Je, wapona? Mwaka 1966 Victor Meyer wa London aliandika jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili: aliwakaribisha kwenye kitu walichokiogopa, kisha wakazuiwa wasitende tendo lao la kurudia. Hofu ilipanda, halafu ikashuka yenyewe. Ndiyo tiba hata leo. Mama yule, kwa kukubali kwake, agusa komeo la mlango, akae bila kunawa. Moyo wapiga, jasho latoka. Ni vigumu, hatutaki kukudanganya. Lakini akingoja, hofu hupungua; na kesho hupungua upesi zaidi. Kisha huendelea na jambo lililo gumu kupita hilo, hatua kwa hatua, mpaka ampakate mwanawe. (Hakuna atakayemwambia anywe maji ya ziwa!) Ziko na dawa, kama fluoksetini na klomipramini, lakini zaweza kuchukua wiki 10 au 12 kabla ya kusaidia vema, usiache kwa sababu wiki ya pili hukuona kitu.

Ninyi wa nyumbani, akiuliza mara ya ishirini, “Je, mimi ni safi?” msimpige, wala msimjibu kila mara, maana jibu hulisha ugonjwa. Semeni kwa upole, “Mama, tulipatana kwamba swali hilo hatulijibu.” Mchungaji naye, mtu akiungama jambo lilelile kila siku, amjibu mara moja, kisha amlete kwetu. Msimfunge kamba, wala msimnyime chakula kwa jina la maombi.

Kwa magonjwa ya akili kuna SOSAME huko Bukavu, na kituo cha Kamenge, Bujumbura. Vyote viwili vilianzishwa na mabruda wa Kikatoliki, hilo lisikuzuie.

Ukija, usionyeshe ngozi iliyopasuka tu ukaomba mafuta. Mwambie daktari na lile wazo, hata kama ni la aibu. Amekwisha kuyasikia mengi kama hilo.