Mchicha juu ya tangi la samaki

Anayetaka kuotesha mboga kwa maji ya tangi la samaki huanza kwa kuuliza mbegu gani zinafaa. Jibu lake ni fupi: za mboga za majani. Mchicha, figiri, saladi, giligilani na mnavu zote hukubali. Nyanya na pilipili nazo huota, ila hudai mwanga na lishe zaidi ya vinavyopatikana kwenye tangi la nyumbani, kwa hiyo naziacha kando. Swali lenye uzito zaidi huulizwa na wachache: samaki wako wanakula gramu ngapi kwa siku?

Chakula hicho ndicho mbolea. Samaki hubakiza mwilini sehemu ndogo tu ya naitrojeni iliyomo kwenye protini anayokula. Sehemu kubwa ya naitrojeni nyingine hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, na amonia ikirundikana humuua. Bakteria wanaojishikiza kwenye kokoto na kwenye sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi jingine la bakteria huigeuza nitriti kuwa nitrati. Hapo samaki anapumua kwa amani na mmea unapata chakula.

FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lilitoa mwongozo mwaka 2014 kuhusu ufugaji mdogo wa samaki pamoja na mboga. Kipimo chake ni gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Kipeleke kipimo hicho sebuleni. Tangi la samaki wa urembo linalopewa gramu 2 kwa siku linalisha eneo la kama sentimita 20 kwa 20, yaani mche mmoja wa saladi iliyofunga vizuri, au kishada kidogo cha mchicha. Perege wawili wa gramu 200 kila mmoja, katika tangi la lita 100, wanaweza kula gramu 6 hadi 8, na hao wanatosha kwa eneo la karibu sentimita 40 kwa 40. Pima chakula cha wiki nzima kwenye mizani ya jikoni, ugawe kwa 7, ndipo ujue unasia mbegu ngapi. Watu wengi hukata tamaa kwa sababu walipanda miche 20 juu ya samaki watatu, wakaona majani yanapauka, wakadhani mbegu ni mbovu. Na kuwazidishia samaki chakula ili mboga zinenepe ni hatari: kinachobaki huoza chini, na amonia hupanda kabla bakteria hawajaimudu.

Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na katika muda huo samaki wawe wachache na walishwe kidogo. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyamimina, maana klorini huwaua bakteria haohao unaowangojea.

Mbegu, kwa upande wake, haina haja na maji ya samaki. Ina akiba yake ya chakula ndani, inayotosha mpaka majani ya kwanza yafunguke. Inachotaka ni unyevu, joto linalofaa na hewa, na hewa ndiyo inayokosekana ukiitupa ndani ya tangi. Mpunga unaweza kuchipua chini ya maji. Mbegu nyingi za mboga zetu huvimba na kuoza. Kwa hiyo sia pembeni, kwa maji safi ya kawaida, karibu wiki ya tatu baada ya kuweka samaki. Miche itakapoanza kudai lishe, tangi nalo litakuwa linaelekea kuwa tayari.

Sponji iliyokatwa vipande vya sentimita 3 hufaa kusia, na usumba wa nazi unafaa zaidi. Usumba wa makumbi yaliyofukiwa pwani una chumvi, hivyo usuuze kwa maji baridi mara kadhaa. Mchicha huchomoza kwa siku chache tu kwenye joto la pwani. Punje ya giligilani ni tunda lenye mbegu mbili: iviringishe chini ya chupa mpaka ipasuke, uiloweke usiku mmoja, kisha vumilia, kwani huchukua wiki moja hadi mbili au zaidi. Saladi hugoma kuota joto likipita nyuzi 28 hadi 30, na ndiyo maana wengi wa Dar es Salaam na Mombasa husema mbegu zake zimekufa. Izungushie kitambaa kilicholowa, uiweke ndani ya jokofu, sehemu ya chini kabisa, kwa siku moja au mbili, kisha uisie jioni mahali penye kivuli.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila duka la pembejeo limweleze mteja. Mbegu nyingi za pakiti zimepakwa rangi ya waridi, nyekundu au kijani. Rangi hiyo ni alama ya dawa ya kuzuia ukungu, na baadhi ya dawa hizo, kama thiram, ni sumu kali kwa samaki. Kwa kazi hii tafuta mbegu zisizopakwa dawa, au kausha mashuke ya mchicha wako mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, chandarua cha mbu chenye dawa kisikaribie tangi.

Miche ikiwa na majani mawili au manne ya kweli, na mizizi imeanza kutokeza chini ya usumba, ihamishie kwenye vikombe vya mtindi vilivyotobolewa kwa msumari wa moto. Vipachike kwenye kipande cha boksi jeupe la kupozea samaki, kielee juu ya maji au kikae ukingoni mwa tangi. Ncha za mizizi ziguse maji, na shingo ya mmea ibaki kavu. Perege na samaki wa dhahabu hutafuna mizizi, kwa hiyo izungushie wavu wa plastiki.

Miche iliyorefuka na kulala inalilia mwanga. Huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana liko utosini na haliingii dirishani, hivyo dirisha la mashariki linalopokea jua la asubuhi ni bora. Jua liyapate majani, kioo kikingwe kwa kadibodi. Bila hivyo maji yatapata joto na kugeuka kijani.

Angalia pia kokoto zako. Zidondoshee siki: zikitoa povu, ni za chokaa au matumbawe, nazo hupandisha pH. Kwenye maji ya nyuzi 30, pH ikitoka 7 kufika 8, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu hupanda kutoka chini ya asilimia 1 hadi karibu asilimia 7. Mmea nao hushindwa kunyonya madini ya chuma, na majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kokoto za itale hazina tatizo hilo.

Maji ya tangi yasirukie majani, na kila unachovuna kioshe, hasa kile utakachokila kibichi. Samaki akiugua, mtibu kwenye ndoo ya pembeni. Viuavijasumu huua bakteria wa tangi, chumvi huunguza mimea, na mboga ambayo mizizi yake imepitiwa na dawa ya samaki yenye shaba ing'olewe itupwe.