Bogenvilia Songwa: Mtaji ni Maji

WENYE mitaji midogo wanaotafuta biashara kandokando ya migodi ya Shinyanga na Geita wanaweza kuutazama mche wa bogenvilia, kichaka cha maua kisichopoteza ukijani mahali penye maji ya kutosha. Wanunuzi wake ni wenye nyumba za kulala wageni, ofisi, shule na nyumba mpya. Lakini faida hutegemea zaidi hesabu ya maji kuliko uzuri wa ua.

Kata ya Songwa, wilayani Kishapu, ipo jirani na Mwadui, ambako mjiolojia wa Canada, John Williamson, aligundua almasi mwaka 1940. Mvua za huko huanza kwenye Novemba, na baada ya Mei huja kiangazi kirefu. Bogenvilia, yenye asili ya Amerika ya Kusini, huvumilia ukame ikishashika mizizi. Mche mchanga hauvumilii.

Mshindani wake sokoni ni minyaa, ambayo Wasukuma wamezungushia miji yao tangu zamani na ambayo hupatikana bure kwa jirani. Anayenunua bogenvilia, kwa hiyo, analipia rangi. Muuzaji anaweza pia kumkumbusha mteja kwamba utomvu wa minyaa hudhuru macho, ingawa naye hana budi kukiri kuwa bogenvilia ina miiba.

Kuotesha si kazi ngumu. Vipandikizi hukatwa kwenye matawi yaliyokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, vikiwa na vifundo vitatu au vinne. Majani huondolewa, na ncha ya chini hukatwa mshazari chini ya kifundo. Hupandwa kwenye viriba vyenye udongo uliochanganywa na mchanga mwingi, chini ya kivuli chepesi, na kuachwa hadi miezi miwili vitoe mizizi. Mizizi hiyo hukatika upesi. Anayehamisha mche achane kiriba bila kuvunja bonge la udongo.

Tatizo la eneo hili ni udongo mweusi wa mbuga, ambao hutuamisha maji na kuozesha mizizi. Penye udongo huo mche upandwe juu ya tuta, shimo lichanganywe mchanga na samadi iliyooza. Kwa uzio, nafasi ya mita moja inatosha. Mmea unataka jua kwa saa sita au zaidi kwa siku. Ukizidishiwa maji na mbolea huota majani tele bila maua. Upogolewe baada ya kuchanua, kwani maua hutoka kwenye machipukizi mapya.

Ili miche iwe tayari mvua zinapoanza, kitalu hufunguliwa Mei au Juni, maana yake kumwagilia kiangazi chote. Chukua mfano wa mtu anayetumia sh. 200,000 kwa vipandikizi 1,000. Vyote vikishika, kila mche umemgharimu sh. 200. Nusu vikifa, gharama inakuwa sh. 400, na bei ya sokoni haitapanda kwa ajili yake. Anayenunua maji kwa ndoo aanze na viriba 100, apime maji ya mwezi mmoja, ndipo aongeze.

Hatari nyingine ni kutegemea mgodi. Mwadui ilisimamisha uzalishaji Aprili 2020 na kuurejea mwaka 2021. Mwaka huohuo wa 2021 Buzwagi, Kahama, iliingia katika kufungwa. Mwenye kitalu aliyekuwa na mnunuzi mmoja tu katika miji hiyo angebaki na viriba vyake.

Jambo la busara ni kutafuta wateja mjini Shinyanga na Kahama kabla ya kukata tawi la kwanza. Mche usiouzwa msimu huu utadai maji kiangazi kijacho.