Kiyeyushi Kinyamavu: Nafasi ya Deuteri katika Maabara

Mkemia anayetaka kubaini muundo wa dutu hawezi kuiona molekuli kwa macho. Mojawapo ya mbinu anazozitegemea ni spektroskopia ya mwitiko wa viini vya atomu katika uga wa sumaku. Sampuli huyeyushwa, ikatiwa katika mrija mwembamba wa kioo na kuwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu, kisha hupigwa mawimbi ya redio. Viini vya haidrojeni huyaitika mawimbi hayo, na mwitiko wa kila kiini hudokeza mahali kilipo katika molekuli.

Hapo istilahi tatu hazina budi kutofautishwa. Kiyeyushwa ni dutu inayochunguzwa; kiyeyushi ni kioevu kinachoiyeyusha; myeyusho ni mchanganyiko wa viwili hivyo. Aghalabu kiyeyushi nacho huwa na haidrojeni, tena nyingi mno kuliko ile ya kiyeyushwa. Mwitiko wake, basi, huufunika ule unaotafutwa.

Ufumbuzi ulitokana na deuteri, iliyogunduliwa nchini Marekani mwaka 1931 na Harold Urey pamoja na wenzake. Urey alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1934. Deuteri ni haidrojeni ambayo kiini chake kina protoni moja na nyutroni moja, ilhali kile cha haidrojeni ya kawaida hakina nyutroni. Kikemia, hizi ni ndugu. Katika uga wa sumaku, hata hivyo, panapoitika haidrojeni ya kawaida kwa megahezi 400, deuteri huitika kwa takriban megahezi 61. Kloroformu iliyoundwa kwa deuteri, mathalani, huyeyusha dutu bila kuufunika mwitiko wake.

Unyamavu huo si kamili. Kloroformu ya kawaida iliyosalia kwa kiasi kidogo huonekana kwenye alama ya 7.26, nayo hutumiwa kuwa kigezo cha vipimo. Fauka ya hayo, mtambo hufuatilia mwitiko wa deuteri yenyewe ili kudumisha uthabiti wa uga wa sumaku. Maji mazito, yaani maji yenye deuteri, nayo yana kazi ya ziada. Tone lake likitiwa katika myeyusho wa alkoholi, haidrojeni iliyoshikamana na oksijeni hubadilishana nafasi na deuteri, na mwitiko wake hutoweka. Kutoweka huko ndiko kunakomjulisha mkemia mahali haidrojeni hiyo ilipokuwa.

Kitenzi kimoja, yeyuka, kimezaa istilahi zote tatu. Mfasiri akikosea kiambishi tamati kimoja, akaandika kiyeyushi badala ya kiyeyushwa, msomaji hatajua ni kipi kilichonyamazishwa na kipi kinachosikilizwa.