Maharage ya Chupani Kwenye Nyanda za Juu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulihifadhi nyanya zilizotiwa maji ya limao. Uchachu wake ulitusaidia, maji ya kuchemka yakatosha. Maharage, nyama na samaki havina uchachu huo.

Adui ambaye uchachu humzuia ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum, mkazi wa udongoni. Spora zake huvumilia maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Zikifungiwa chupani pasipo hewa, huamka na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Desemba 1895, wanamuziki waliopiga msibani katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa. Watatu walikufa, na Profesa Émile van Ermengem akamgundua bakteria huyo katika nyama hiyo. Mara nyingi chakula chenye sumu hii hakinuki. (Kwa sababu ya spora hizohizo, asali yetu nzuri ya Kibondo na Kakonko asilambishwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka.)

Kuziua spora kunahitaji nyuzi 116 hadi 121. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, na kila ukipanda mita 300 hupungua kiasi cha nyuzi moja. Sisi wa Kakonko, Kibondo na Kasulu tuko juu ya mita 1,000. Ndiyo maana maharage hukaa motoni muda mrefu zaidi huku kuliko Dar es Salaam. Kuchemsha chupa kutwa nzima hakutufikishi. Mvuke uliobanwa ndani ya mtambo wa presha wa kuhifadhia hutufikisha.

Vijitabu vya mitambo hii hutaja paundi 10. Hicho ni kipimo cha watu wa chini. Mtambo unaopima presha kwa kizito, kuanzia mita 300 kwenda juu, utumie kizito cha paundi 15. Wenye mshale usome 13 kati ya mita 1,220 na 1,830.

Kabla ya kuweka kizito, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10. Hewa ikibaki ndani, mshale utasoma sawasawa huku joto likiwa pungufu, na kosa hili halionekani kwa macho. Presha ikifika, ndipo uhesabu: maharage yaliyolowekwa kisha kuchemshwa nusu saa, chupa za nusu lita ni dakika 75, za lita moja 90. Ikishuka chini ya kipimo, ipandishe na uhesabu upya tangu mwanzo. Kwa hiyo moto wa kuni wa mafiga matatu siuamini kwa kazi hii; gesi ni bora. Muda ukiisha zima, mtambo upoe wenyewe. Usiumwagie maji wala kulazimisha kifuniko.

Sufuria ya presha ya kupikia maharage ya mchana haifai. Ni ndogo, hupata moto na kupoa upesi, na dakika nilizotaja hazikupimwa kwayo. Asiye na mtambo wa kuhifadhia aendelee kuanika: maharage makavu na dagaa wakavu hawana maji ya kumwamsha bakteria huyu.

Juma lijalo: chupa, vifuniko na mipira yake.