Unaipenda 'Yikes'? Basi unamjua Ayub Ogada

Ukipanda matatu ya Ukunda pale Likoni, kabla hujafika Waa utakuwa umeshasikia ngoma kadhaa ambazo hukuzichagua. Siku dereva akiweka 'Yikes' ya Kanye West, ile ya 2018, achana na maneno kwanza. Sikiliza ile sauti inayorudi na kurudi chini ya midundo. Hiyo haikutoka Marekani. Ni 'Kothbiro', wimbo wa Kijaluo wa bendi ya Kenya, Black Savage, wa miaka ya 1970. Maana yake, mvua inakuja.

Kwenye bendi hiyo alikuwamo Job Seda, mzaliwa wa Mombasa, yaani ng'ambo tu ya feri. Baadaye akajiita Ayub Ogada, akashika nyatiti, na mwaka 1993 akautoa upya wimbo ule kwenye albamu yake En Mana Kuoyo. Ni wimbo mtulivu mno. Makanga hawezi kuitia wateja nao.

Halafu sinema ikaja. The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kibera na Turkana, iliutumia, na watu ambao hawajawahi kuona nyatiti wakaanza kuuliza: huyu anayeimba ni nani? Kanye alipokuja kuchukua rekodi ile ya zamani, Ogada na mwenzake James Mbarack Achieng waliandikwa miongoni mwa watunzi wa 'Yikes'. Ogada alifariki Februari 2019, miezi minane tu baada ya ngoma hiyo kutoka. Angalau jina lilikuwa limeshaandikwa.

Sasa shuka Diani, uliza watu 'Hakuna Matata' ilitoka wapi. Wengi watakutajia The Lion King, filamu ya 1994. Lakini Them Mushrooms, ndugu wa kutoka Kaloleni, walikuwa wameshayaimba maneno hayo kwenye 'Jambo Bwana' mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Boney M wakatoa toleo lao 1983. Mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison. Wimbo wake huimbiwa wageni hotelini, na wanaouimba kwa moyo bila kumjua yeye ni wengi. Mimi hilo huniuma kuliko la Kanye.

Na wewe je? Uko arusini Ng'ombeni au Tiwi, sengenya imekolea, zumari inalia. Unatoa simu, unarekodi nusu dakika, unaposti na alama ya moto. Basi. Kesho prodyuza aliye mbali akikinasa kipande hicho akakitia kwenye ngoma yake, atamlipa nani? Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na kaunti zimepewa kazi ya kuweka rejista. Lakini karani wa Kwale hawezi kuandika asichoambiwa, na video yako haisemi lolote.

Kwa hiyo kabla hujaposti, msubiri mzee apumzike, mwamkie, umuulize jina lake, kijiji chake, na nani alimfundisha. Yaandike chini ya video. Akiwa ni ami yako mwenyewe, huna hata kisingizio.